Arma 3: risasi 30 zote hewani, nakosea wapi?

Kuruta_Mpya:
Wakuu salaam. Nimenunua Arma 3, ile gemu ya vita ya kompyuta, wiki mbili zilizopita ilivyoshuka bei kule Steam, duka la gemu la mtandaoni. Mimi nimetokea kwenye Call of Duty so nilijua ntaingia tu nitembeze kichapo, kumbe wapi. Tuna kikosi cha washkaji hapa Dar tunacheza usiku kisiwa cha Altis na kila misheni mimi ndo maiti ya kwanza. Jana nimemuona adui kabisa kasimama pembeni ya kiukuta cha mawe, kama mita 300 hivi, nikamiminia magazini nzima ya ile bunduki ya MX, risasi 30, hata vumbi karibu yake sijaliona. Yeye akageuka taratibu, mbili tu, nikalala. Shida inaweza ikawa mausi? Ninayo ya Kariakoo ile ya elfu kumi. Au kuna seting mnatuficha? Nisaidieni kamanda kashaanza kunipa kazi ya kulinda gari.

mlenga_nazi:
Mausi haina kosa lolote mkuu iache ipumzike. Kwanza nikuulize, kabla hujamuona ulikuwa unafanya nini? Nabeti ulikuwa unakimbia. Mtu wako kwenye hili gemu ana mapafu, kuna kile kimstari cha nguvu juu kulia, ukikimbia na begi limejaa makorokoro kinaisha na mtutu unaanza kucheza kama umeshikwa na mlevi. Hapo hata ulenge vipi unapiga mawingu. Simama, hesabu mpaka kumi na tano, ndo ulenge.

Halafu ulipiga umesimama, sio? Z unalala chini, X unachuchumaa. Na kama kuna ukuta mbele yako usiutumie kujificha tu, uegemee. Sogeza bunduki mpaka uone kialama kidogo kimetokea kwenye ile picha ya silaha juu kulia, bonyeza C, mtutu unatulia kama umepigiliwa msumari. Hiyo kitu iliongezwa 2015 na bado watu wana masaa mia tano humo hawaijui. Kisha shikilia kitufe cha kulia cha mausi, jamaa anabana pumzi na picha inasogea karibu. Usibane kwa muda mrefu sana, akiishiwa pumzi anatetemeka kuliko mwanzo.

Na acha mfululizo. Bonyeza F uweke moja moja. Mfululizo ni wa chumbani au wa kumfanya mtu ainamishe kichwa wenzako wapite.

Msee_wa_Ronga:
Hiyo F mwambie vizuri manze. Mimi nilipewa MX yenye kile kirusha mabomu chini ya mtutu, tumejipanga sita ndani ya kinyumba kidogo tunangoja amri ya kutoka, nikasema wacha nihakikishe niko kwa moja moja, nikabonyeza F mara moja zaidi. Nilipofyatua haikuwa moja moja. Ilikuwa ni bomu. Watu sita chali, adui hata hajafika. Tangu siku hiyo kabla sijafyatua lazima nisome juu kulia nione imeandikwa nini.

Kingine ongeza hapo: kama hupigani gonga Ctrl ya kushoto mara mbili, unashusha bunduki, kidole kikiteleza humpigi mwenzako mgongoni.

Kuruta_Mpya:
Hahaha sita chali. Sasa hiyo ya kulala na kuegemea nimeelewa nitajaribu leo, lakini mbona nikilenga kifuani kabisa ile nukta iko palepale bado inapita? Na kitu kingine, juzi nilijaza magazini kila nikipata nafasi kama kwenye CoD, mwisho wa misheni nikawa natoa magazini zina risasi nne nne.

mlenga_nazi:
Magazini kwanza. Huku risasi haziendi kwenye kapu moja. Ukibonyeza R wakati umebakiwa na risasi nane, magazini yenye nane inarudi kwenye kizibao chako hivyohivyo na nane zake, inachukuliwa iliyojaa. Ukifanya hivyo mara sita una magazini sita za mabaki. Kwahiyo hesabu. Ukipiga moja moja kuhesabu ni rahisi, ndo faida nyingine hiyo. Kama kikosi chenu kinatumia moudi ya ACE3, yaani nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na wachezaji, Ctrl na R pamoja unapata makadirio ya zilizobaki, na mkitulia sehemu unaweza kuhamisha mabaki ukajaza magazini nzima.

Kuhusu kupita: risasi inaanguka, ndugu yangu. Ile risasi ya milimita 6.5 ya MX inatoka na kasi ya kama mita 800 kwa sekunde na inapungua njiani, so mtu wa mita 400 inamfikia baada ya nusu sekunde na ushee. Akiwa anakimbia, muda huo kashasogea hatua kadhaa, unatakiwa upige mbele yake pale atakapofika. Umbali wa kulengea unabadilisha kwa Page Up na Page Down, namba inasomeka juu kulia. Darubini nyingine zimefungwa hazibadiliki ila zina vimistari ndani ya kioo vya kupandishia. Ingia Virtual Arsenal, ile ghala ya silaha ndani ya gemu ya kujaribia, chukua kitu kimoja, kaa nacho wiki nzima, usibadilishe darubini kila siku kama nguo.

Afande_Mstaafu:
Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria, so nichangie kidogo. Ukienda renji, uwanja wa shabaha, na ile SMG yetu, yaani bunduki ya aina ya AK, ndo utajua gemu inakupendelea. Kilo nne na kitu mkononi, jasho kwenye macho, kuruta wa pembeni kapiga kabla ya amri umeshtuka. Na ile swichi yake pembeni, juu kabisa imefunga, katikati mfululizo, chini kabisa moja moja, wengi walikuwa wanasimama katikati wakidhani ndo moja moja, wakapiga tatu angani na afande akawatafutia shughuli. Lakini kuna kitu gemu imepatia: pumzi. Tulifundishwa kutoa hewa nusu, kutulia, kuvuta taratibu bila kupania. Kijana hapo juu anayesema abane pumzi yuko sahihi.

Msichanganye tu, kuna dogo mtaani kwetu ana masaa elfu ya gemu anajiona komando, kwenye mchakamchaka wa asubuhi alirudi amebebwa.

Kuruta_Mpya:
Mrejesho wakuu. Jana usiku nimelala kwenye jiwe, nikabonyeza C, moja moja, wa kwanza mita 280 kwa risasi ya pili. Wa pili alikuwa anakimbia nimepiga tano, ya mwisho ikamkuta. Nimerudi na magazini tatu zimejaa kabisa, kamanda kaniongezea cheo, kanipa RPG. Vipi kuhusu hiyo, kuna la kujua?

Msee_wa_Ronga:
Kama mko na ACE3 angalia nyuma yako kwanza kabla ya kufyatua. Moto unatoka pande zote mbili.

Kuruta_Mpya:
Hii ningeisoma jana. Nyuma yangu alikuwa daktari wa kikosi.