Kazi Hannover, mke na watoto wawili: tuondoke pamoja au nitangulie?

Mwana Tegeta

Wakuu, habari za saa hizi. Nimesaini mkataba wa kazi ya uhandisi wa programu na kampuni moja ya Hannover, Ujerumani. Mshahara ni yuro 58,000 kwa mwaka kabla ya makato, naanza 1 Septemba. Shahada ni ya chuo cha hapa nyumbani. Mke wangu kwa sasa hajaajiriwa, mtoto wa kwanza ana miaka 4 na wa pili miezi 7. Kampuni inalipa tiketi zetu wote, ila makazi ya muda ni wiki sita tu na ni ya mtu mmoja.

Tuondoke wote siku moja au nitangulie? Na katika miezi hii mitano, ni jambo gani likichelewa litakwamisha mengine?

Karani wa Masjala

Hongera mkuu. Kinachokwamisha wengi ni majina, kwa hiyo anzia hapo. Weka mezani cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya wote wanne na pasipoti, kisha linganisha herufi kwa herufi. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano mara nyingi kimeandikwa kwa mkono kituo cha afya au ofisi ya kata, na "Mohamedi" wa kwenye cheti anakuwa "Mohamed" kwenye pasipoti. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Ujerumani afisa anaona watu wawili tofauti. Angalia pia jina la mwisho: baba anatumia la ukoo, mtoto kaandikiwa la babu, mama anatumia la baba yake. Sheria haiwakatazi, lakini mtaulizwa kwenye kila dirisha, kwa hiyo kama pasipoti za watoto bado hazijatolewa, amueni sasa jina la mwisho liwe lipi. Marekebisho ya cheti yafanyike RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla ya kuomba pasipoti, wala si baada.

Cheti cha ndoa kiwe cha serikali chenye namba ya usajili. Karatasi ya msikitini au kanisani peke yake haitoshi. Tanzania haimo kwenye mkataba wa Apostille, wa nchi zinazokubaliana hati kwa muhuri mmoja, kwa hiyo ukidaiwa cheti kilichohalalishwa kinapita Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozini. Wasomaji walioko Kenya na Uganda wajue kwamba kwao ubalozi wa Ujerumani hauhalalishi vyeti, unatuma vikahakikiwe kwenye ofisi vilikotolewa, na kazi hiyo inakula miezi.

Shahada itafute kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Chuo kikiwa na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yenyewe ikiwa imeorodheshwa kuwa inalingana na ya Ujerumani, chapisha kurasa zote mbili uambatanishe. Isipoonekana, omba tathmini ya ZAB, ofisi yao ya kulinganisha shahada za nje, yuro 208, na usingoje hata wiki. Mshahara wako unavuka kiwango cha Blue Card (kibali cha wasomi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya), ambacho kwa 2026 ni yuro 50,700, na hiyo ndiyo viza ya kuomba. Mke wa mwenye Blue Card haombwi cheti cha Kijerumani kabla ya kusafiri, na anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Ada ya viza ni yuro 75 kwa mtu mzima na 37.50 kwa mtoto. Ombeni wote wanne kwa pamoja hata kama mtasafiri siku tofauti.

Mpangaji wa Linden

Kwenye swali la kwanza jibu langu ni moja: tangulia, katikati ya Agosti, familia ifuate ukishapata nyumba ya kudumu.

Sababu ni Anmeldung, yaani kujiandikisha manispaa ndani ya siku 14 tangu uhamie. Bila hiyo hupati namba ya kodi ya mapato, na bila namba hiyo mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, kali kuliko yote. Ili kujiandikisha unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Baadhi ya nyumba za kupanga kwa muda hazitoi fomu hiyo, kwa hiyo iulize kampuni leo, kwa maandishi: makazi ya wiki sita yanaruhusu Anmeldung au hayaruhusu? Kama hayaruhusu, wabadilishe.

Jambo dogo linaloumiza watu ni sanduku la barua. Namba ya kodi inakuja kwa posta baada ya wiki mbili au tatu. Jina lako lisipokuwa kwenye sanduku, mleta barua anairudisha ilikotoka. Familia ikifika, bandika majina ya mwisho ya wote. Ndiyo maana aliyoeleza Karani kuhusu majina yana uzito.

Kwenye matangazo ya nyumba, "3 Zimmer" ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Kodi ya nyumba ya "kalt" haina joto wala maji, "warm" inavyo, lakini umeme kwa kawaida unabaki juu yako. Dhamana haizidi kodi tatu za kalt, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Nyumba nyingi zinakabidhiwa bila jiko, bila kabati za jikoni, wakati mwingine hata taa hakuna, nyaya zinaning'inia. Ukiona tangazo limeandikwa "EBK", jiko limo. Kwa mtu anayeingia na mtoto wa mwaka mmoja, lipia kidogo zaidi upate hiyo.

Wenye nyumba watataka karatasi ya Schufa, historia ya madeni, ambayo mgeni hana. Badala yake peleka mkataba wa kazi na barua ya mwajiri kwa Kijerumani. Na anayetaka pesa kwanza halafu akutumie ufunguo kwa posta ni tapeli, hata kama picha zinavutia vipi.

Hesabu za Mezani

Namuunga mkono Mpangaji, ila wengi watakuambia ukitangulia utapoteza pesa kwenye kodi ya mapato. Hesabu yenyewe iko hivi. Mke akiwa bado Tanzania, wewe ni daraja la I. Akishahamia na kujiandikisha, mnaweza kuomba wewe uwe III na yeye V. Kwa mshahara wako tofauti ni zaidi ya yuro 300 kwa mwezi mkononi. Lakini ndoa ikiwepo na mke akihamia Ujerumani kabla ya 31 Desemba, mnaruhusiwa kuwasilisha ritani ya pamoja ya mwaka huo, na kodi iliyozidi katika miezi uliyokuwa peke yako inarudi. Kipato alichopata nyumbani mwaka huo kitajwe, maana kinaathiri kiwango. Kwa hiyo kuja Oktoba au Novemba hakukugharimu kodi. Kuja Januari kunakugharimu.

Kindergeld, posho ya watoto ya serikali, ni kitu tofauti. Ni yuro 259 kwa kila mtoto kwa mwezi tangu Januari 2026, na inaanza watoto wakishaishi Ujerumani. Malipo ya nyuma hayazidi miezi sita kabla ya mwezi wa maombi, kwa hiyo namba za kodi za watoto zikifika tu, jaza fomu.

Akiba: chukua nyumba ya kalt yuro 1,000. Dhamana 3,000, kodi ya kwanza na gharama zake kama 1,300, vitanda, friji na mashine ya kufulia 1,500 ukinunua vilivyotumika, chakula na usafiri hadi mshahara wa kwanza mwisho wa Septemba. Chini ya yuro 7,000 utabanwa. Usiende na dhana kwamba kampuni itakukopesha. Uliza sasa, iandikwe.

Dada wa Kliniki

Kaka, kadi za kliniki za watoto zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye begi la mizigo. Tangu Machi 2020 Ujerumani ina sheria ya surua: mtoto aliyetimiza mwaka haingii Kita, shule yao ya awali, bila uthibitisho wa dozi moja, na aliyetimiza miaka miwili anatakiwa kuwa na mbili. Ratiba yetu ya surua-rubela ni miezi 9 na miezi 18. Mkubwa hakikisha ile ya pili imeandikwa kwa tarehe, maana mama wengi huacha kliniki baada ya miezi 9. Mdogo anafikisha miezi 9 mkiwa bado nyumbani, achomwe hapo. Chanjo yetu haina matumbwitumbwi wala tetekuwanga, daktari wa watoto atazikamilisha huko.

Daktari huyo mtafute mapema, wengi hawapokei wagonjwa wapya. Namba 116117 inasaidia kupata miadi. Mdogo anahitaji uchunguzi wa U6, wa mwezi wa 10 hadi 12, nao unakubaliwa mpaka miezi 14. Familia ikifika Oktoba, dirisha ni finyu, kwa hiyo omba miadi kabla hawajapanda ndege. Muulize pia kuhusu vitamini D. Jua la kaskazini halitoshi majira ya baridi, hasa kwa ngozi yetu, na huko watoto hupewa matone au vidonge kila siku mwaka wa kwanza na baridi inayofuata.

Kita: mtoto ana haki ya nafasi akishatimiza mwaka, lakini mwaka wa Kita wa Niedersachsen, jimbo la Hannover, unaanza Agosti na nafasi nyingi hugawiwa miezi kadhaa kabla. Jiandikisheni kwenye mtandao wa jiji hata kabla ya kuwa na anwani ya kudumu. Kwa mkubwa ada haipo, saa nane kwa siku ni bure kuanzia miaka 3, ila chakula mnalipia. Mkipata nafasi, wiki mbili hadi nne za mwanzo mzazi anakaa na mtoto pale pale, kwanza saa moja, kisha wanaongeza taratibu. Wewe utakuwa kazini, kwa hiyo mkeo asijiandikishe kozi ya Kijerumani ya asubuhi mpaka hapo papite. Mkipuuza hilo, kozi au Kita, kimojawapo kitavunjika.

Mwana Tegeta

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Basi natangulia, wao Oktoba. Bima yao itakuwaje, na leseni yangu ya udereva?

Mpangaji wa Linden

Kwa mshahara huo uko lazima kwenye bima ya umma. Mke asiye na kipato na watoto wanaingia kwenye kadi yako bila nyongeza, kuanzia siku wanayohamia, ila fomu ya familia uijaze wewe mwenyewe. Mwajiri haijazi. Wewe ukifika katikati ya Agosti, bima hiyo haijaanza mpaka 1 Septemba, kwa hiyo nunua ya safari inayofunika wiki hizo.

Leseni ya Tanzania inatumika miezi sita tangu uhamie, kisha unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Wa nadharia unapatikana kwa Kiingereza. Kiti cha mtoto ni lazima kwenye gari mpaka miaka 12 au urefu wa sentimita 150, kwa hiyo siku ya kuwapokea uwanja wa ndege, agiza teksi yenye viti viwili siku moja kabla.