Kamati ya mradi kijijini: lazima uwe umefika kidato cha nne?

MwanaMwingi (Umoja)
Habari zenu. Kwetu ni Mwingi, kaunti ya Kitui, ila kazi iko hapa Nairobi. Zahanati ya kijiji inajengewa wodi ya kina mama na tumeambiwa tuchague kamati ya kusimamia ujenzi. Kwenye grupu letu la WhatsApp, vijana tulio mjini wengi wanataka asiyefika kidato cha nne asiingie. Mama yangu mkubwa ameongoza kamati ya kisima miaka nenda miaka rudi, na hajui kusoma. Kweli uchache wa elimu ndio unaoangusha miradi yetu? Naomba jibu la mtu aliyeyaona.

MuuzaMabati
Ndugu, mimi nauza vifaa vya ujenzi Kariobangi, na kwetu ni Makueni. Mwacheni mama aingie.

Nimeona kamati ya wasomi watupu ikichezewa. Mwenyekiti mwalimu, katibu ana digrii. BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote za ujenzi, ikawekwa kwenye faili, kila mmoja akidhani mwenzake ameipitia. Iliandikwa mabati geji 28; kontrakta akaleta geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi. Rangi ile ile, migongo ile ile, kwa mbali huwezi kujua. Wakatia sahihi ya kupokea. Nyanya mmoja aliyekuwa ametoka kuezeka nyumba yake akainua ncha ya bati moja, akasema hili ni jepesi kuliko langu. Akawafanya waligeuze wasome maandishi yaliyopigwa chini yake. Ndipo nikapigiwa simu, nikawaambia wanisomee BQ mstari kwa mstari. Lori lilirudi na mzigo wake.

Huyo nyanya alijua bati. Kamati ilijua kusoma na haikusoma. Kwa hiyo nawasihi: kabla lori la kwanza halijafika, BQ isomwe kwa sauti barazani, kwa Kikamba, saruji mifuko mingapi, nondo za unene gani, mbao za aina gani. Kisha kila mwanakamati apewe kitu chake cha kulinda. Asiyejua kusoma atahesabu mifuko vizuri tu. Inaniuma sana mtu aliyelinda kisima cha watu akifungiwa mlango na sisi tunaokuja nyumbani Krismasi.

Katibu_wa_Chama
Naunga mkono, ila tusidharau kalamu. Lazima wawepo wawili wa kuandika kumbukumbu na kuelewa karatasi za malipo. Wawili, maana akiwa mmoja ndiye anageuka kuwa mwenye mradi.

MwanaMwingi
Asanteni. Na BQ yenyewe tukinyimwa? Tulipoiomba kwenye ofisi ya wadi yetu tuliambiwa ni ya ofisi.

MamaKayole
Si ya ofisi, mwanangu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inawapa maofisa siku 21 za kujibu. Andikeni barua kwa Kiswahili, inakubalika. Na mwambie mama yako mkubwa hivi: asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayepaswa kuyaandika maombi yake. Sheria ilimfikiria mtu kama yeye. Aende mwenyewe, aandamane na mmoja wenu, na msitoke bila nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.

Jambo jingine, msingoje miradi iliyokwisha kupangwa. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Watu wetu huitwa mkutanoni, wakaletewa soda na karatasi ya mahudhurio, nao hawajui ni hatua gani inajadiliwa. Mwandikieni naibu wa chifu hizo tarehe mbili, azitangaze barazani na makanisani miezi miwili kabla.

MuuzaMabati
Mkiipata BQ, nipigieni picha ukurasa wa nondo na wa paa muweke hapa. Nitawaeleza kila mstari.