Naomba ushauri: nikiingia kwa ssh .bashrc haisomwi

Habari zenu wakuu. Natumia Ubuntu 22.04 na bash (programu inayopokea amri kwenye teminali), alias zangu zote (vifupisho vya amri, kama ll) nimeziweka kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya bash, nikifungua teminali hapahapa kwenye mashine kila kitu kinakubali ila nikiingia kwa ssh (yaani kutoka mbali kupitia mtandao) naambiwa "-bash: ll: command not found" na rangi za prompt (ile alama ya kusubiri amri) hazipo, yaani kama nimeingia kwenye mashine ya mtu.

Nikipiga source ~/.bashrc (kuisoma upya kwa mkono) mambo yanarudi, nikitoka nikaingia tena yamepotea. Nimecheki ls -a nikakuta .bash_profile yenye mstari wa PATH tu (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), nahisi imeletwa na programu fulani wakati wa kuiinstall, na .profile ipo pia na ndani yake ndo kuna ule mstari wa kuita .bashrc. Man bash (mwongozo wake) inasema login shell, yaani bash inayoanza ukiingia kwenye mashine kama kwa ssh, inatafuta .bash_profile, halafu .bash_login, halafu .profile, na inasoma ile ya kwanza kuikuta basi.

Sasa je, nifute hiyo .bash_profile au niiache na ndani yake niongeze . ~/.profile? Na PATH niiweke wapi ili skripti za cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) nazo ziione, maana cron haigusi hata moja ya hizi?