Chanjo ya kideri: niulize chatboti au nitafute Google?

MamaKuchi: Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Nina kuku wa kienyeji 64. Mwaka jana kideri kilifagia banda, wakabaki saba, kwa hiyo safari hii sitaki kubahatisha. Juzi usiku niliuliza chatboti chanjo ya I-2 inarudiwa baada ya muda gani. Ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: miezi minne. Asubuhi nikauliza maneno yaleyale, ikasema mitatu, tena bila kusita. Nikaingia Google: kurasa tele, nyingi za Kiingereza, nyingine zinauza dawa ya "kutibu kideri", na bando langu ni la siku. Chatboti inanirahisishia, lakini wakifa ni kuku wangu. Nyie mnafanyaje?

BwanaMifugoMstaafu: Marahaba mama, na pole sana. Majibu yote mawili yana kwao. Ipo miongozo inayotaka I-2 mara 3 kwa mwaka, yaani kila miezi 4. Sisi tulikuwa tukichanja kila miezi 3. Ubaya ni kwamba chatboti haikukwambia lipi limetoka wapi. Yenyewe huunga maneno yanayoelekea kufuatana, ndiyo maana jibu la usiku si la asubuhi. Google utaona nani kasema, ila kuchambua ni juu yako. Huo ukurasa wa dawa achana nao, kideri ni kirusi, hakina tiba.

Halafu mimi ningekuuliza kwanza: unachanja kwa maji ya kunywa? Maji gani? Klorini ya bomba inaua chanjo.

Dogo_Moro: Mama, mimi naanza na chatboti ili nipate jina la kitu, kisha jina hilo nalipeleka Google pamoja na la taasisi. Kwa chanjo naandika TVLA, hao wa maabara ya veterinari wanaotengeneza chanjo pale Kibaha. Kurasa za wauzaji zinapungua.

MamaKuchi: Asanteni mno. Mzee, maji yangu ni ya bomba, na si chatboti wala Google iliyoniuliza hilo! Nimetoka duka la mifugo sasa hivi, nimesoma karatasi ya chanjo mwenyewe: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Jumamosi alfajiri, kabla hawajatoka bandani, mwanangu atawashika mmoja mmoja nami nitadondoshea.

BwanaMifugoMstaafu: Subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie.