Binti kafunga mabao matatu, anaulizwa nani atamuoa! Huu upuuzi ukome

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Juzi timu ya wasichana ninayosaidia kuifundisha huku Temeke ilikuwa na mechi ya kirafiki. Straika wetu katupia tatu. La tatu lilikuwa la kideo: kaushusha mpira kwa kifua, beki yuko mgongoni, kageuka naye, kaachia la kushoto, kipa hata hakuruka. Filimbi ya mwisho ikalia, akaja kijana wa chaneli moja ya mtandaoni na maiki yake. Nikajua anakuja kuulizia goli. Swali la kwanza: "Una mchumba?" La pili: "Sasa na huo mwonekano wako nani atakuoa?" Binti kainama, anavutavuta soksi, hana la kujibu. Jioni video ikapandishwa, goli hata moja halimo. Chini kwenye maoni ni "jike dume", "huyo apimwe", na matusi mengine siwezi kuyaandika hapa. Ana miaka 17, jamani!

Na msije mkaniambia ni utoto wa mitandaoni. Agosti 2021, Ikulu, kwenye hafla ya kuwapongeza vijana wa kiume wa U23 (timu ya taifa ya chini ya miaka 23), Rais Samia alizungumzia vifua vya wachezaji wa kike. Akasema wale wenye vifua bapa ukiwapanga mbele unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba kwao ndoa imebaki kuwa kama ndoto. Rais wetu wa kwanza mwanamke. Hafla yenyewe ya wanaume! Iliniuma wakati ule na inaniuma mpaka leo, kwa sababu neno likishatoka juu namna ile, huyu mwenye maiki anaona amepewa ruhusa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, wakaenda Kombe la Dunia la U17 kule India. Wakachapwa 4-0 na Japan, wakainuka wakawapiga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Robo fainali ya Kombe la Dunia! Taifa Stars ya wanaume wakubwa haijawahi hata kulikanyaga Kombe la Dunia. Niambieni ni nani hapa anaweza kutaja majina matano ya kikosi kile bila kugugo. Lakini kila mtu ana maoni kuhusu nywele zao.

Hilo la "apimwe", eti kama ni mwanamke kweli, ndilo linalonitisha zaidi. Barbra Banda wa Zambia alifunga hat-trick mbili mfululizo, yaani mabao matatu matatu kwenye mechi mbili, kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka mmoja baadaye akaenguliwa WAFCON 2022 (Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake) kwa vigezo vya jinsia vya CAF, shirikisho la soka Afrika, nchi zote zikawa zinajadili homoni zake kama vile ni mali ya umma. Mwaka 2024 kapewa tuzo ya BBC ya mchezaji bora wa kike, badala ya pongezi matusi yakaanza upya. Sasa mtoto wa Temeke anayaona hayo kwenye simu, halafu anasoma maneno yale yale chini ya video yake. Mnataka aendelee kucheza kwa moyo gani?

Marefa nao ni hivyo hivyo. Refa wa kiume akiboronga mnasema kahongwa, anatukanwa yeye peke yake. Refa wa kike akikosea offside moja mnasema wanawake hawawezi, wanatukanwa wote. Salima Mukansanga wa Rwanda kachezesha AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Januari 2022, Zimbabwe na Guinea. Jonesia Rukyaa wetu kashachezesha Simba na Yanga, mechi ambayo wanaume wengi wenye filimbi wanaiomba isiwaangukie.

Pesa sitaki kuzungumza sana, nitapandisha presha. Bingwa wa AFCON 2023 alibeba dola milioni 7. Bingwa wa WAFCON 2024, iliyokuja kuchezwa Julai 2025, milioni 1, na hiyo tuliambiwa imeongezwa mara mbili tushukuru. Korona ilipoingia, AFCON ya wanaume ikasogezwa mbele, WAFCON 2020 ikafutwa kabisa.

Huku mtaani ndiyo usiseme. Wavulana wanashika uwanja kuanzia saa kumi, sisi tunaingia saa kumi na mbili jua linazama, mabinti wanafanya mazoezi ya kupiga vichwa mpira hawauoni. Jezi zetu ni zile walizochoka nazo wavulana msimu uliopita, nyingine zinafika magotini. Nikimuuliza kiongozi wa uwanja ananijibu, "Mwalimu, hao si wataolewa waache tu." Aisha Masaka wetu angeambiwa hivyo angefika Brighton ya England? Clara Luvanga wetu angefika Al Nassr ya Saudi Arabia?

Kwa hiyo wewe mwenye chaneli, najua unasoma humu. Ifute ile video. Goli la tatu ninalo kwenye simu, nitakutumia bure, uliweke na jina lake na jina la timu yake. Na kiongozi wa uwanja, Jumatatu saa kumi nitakuwa pale na mabinti wangu na mipira, na hatutoki mpaka ratiba ya uwanja igawanywe upya.