Gibson EH-150 ya kabla ya vita: nivue laka yote au nizibe palipobanduka?

NyuziSita

Habari wakuu. Kuna Gibson EH-150 mezani, gitaa la kupakata la miaka ya 1930, mbao ni mepo (maple), rangi ni sanbasti: katikati hudhurungi ya dhahabu, kingo karibu nyeusi. Laka imejaa nyufa nyembamba za uzee, lakini haijainuka popote. Ukingo wa upande wa mpigaji umebanduka sehemu tatu hadi mbao inaonekana. Kubwa kabisa ni kama milimita 6 kwa 4. Pale mkono unapoegemea pamepata ukungu mweupe. Nyuma kuna mtu alipitisha vanishi kwa brashi zamani, ina michirizi. Umeme wote unafanya kazi.

Fundi wa fanicha ameshauri nivue yote kwa rimuva (dawa ya kuvua rangi), nipige msasa mpaka mbao itakate, halafu nipige sanding sila (laka ya chini ya kujazia mbao) na NC (laka ya nitroselulosi) mpya kwa kompresa. Nivue kweli, au nizibe? Kama ni kuziba, hatua zikoje? Kazi inafanyika Tanga, kwa hiyo unyevu upo.

MsasaWaMaji

Mkuu, usivue. Kwenye sanbasti ya Gibson vivuli vile havikai ndani ya mbao. Vimo ndani ya laka yenyewe, tabaka nyembamba zilizotiwa rangi na kupulizwa kutoka katikati kwenda kingoni. Ukishavua, umepoteza rangi ya kiwandani na hakuna namna ya kuirudisha. Rimuva nayo itayeyusha ule ukanda wa seluloidi unaozunguka kingo. Na mnunuzi anayejua vyombo vya kale hulipa pungufu sana kwa gitaa lililopakwa upya, hata kama kazi ni safi kuliko ya kiwanda.

Halafu laka ya nitroselulosi ndiyo rahisi kuliko zote kuziba. Inakauka kwa kimiminika kuondoka tu, haigandi kikemikali kama poliyurethani (laka ya plastiki ya kisasa). Tone jipya linayeyusha kidogo laka ya zamani na vinashikana vikawa kitu kimoja.

Kwanza hakikisha ni nitro kweli. Fungua kifuniko cha sehemu ya umeme, ndani pale chukua kijiti cha pamba chenye thina ya NC kidogo, gusa sekunde tano. Nitro itanata na kuacha rangi kwenye pamba. Shelaki (laka ya kale ya utomvu wa wadudu) italegezwa na spiriti tupu. Poliyurethani haitashtuka. Nyuma, kwenye ile vanishi, pima peke yake.

Kusafisha: nafta (ile ya viberiti vya petroli) kwenye kitambaa laini, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Inatoa mafuta na nta bila kugusa nitro. Maji usiyamwage, yakiingia kwenye nyufa yanainua laka kutoka kwenye mbao. Polishi ya fanicha yenye silikoni usiisogeze kabisa. Silikoni ikibaki, laka mpya itakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Sasa kuziba. Mbao tupu ipake shelaki nyepesi kwa brashi ndogo kabisa, subiri saa mbili. Rangi iweke hapo, chini, kabla ya laka safi: chukua rangi ya unga ya mbao inayoyeyuka kwenye spiriti, ichanganye na shelaki, ipake kidogo kidogo. Iache iwe nyepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu laka juu yake inaikoleza. Ukiona imezidi, ifute kwa spiriti mara moja, lakini kwa uangalifu: spiriti ikikaa juu ya nitro inaifanya iwe na ukungu.

Baada ya hapo laka safi ya nitro, nzito, kwa ncha ya kijiti cha meno. Tone dogo, libaki ndani ya shimo, lisipande kwenye laka nzima ya jirani. Matone mawili au matatu kwa siku, saa tatu au nne kati yao. Sehemu kubwa ya tone ni kimiminika kitakachoondoka, kwa hiyo litazama sana na utahitaji raundi sita hadi kumi mpaka kiwe kilima kidogo kilichopita usawa. Wengi huharibu hapa: wanajaza tone moja kubwa, juu linafunga ngozi, ndani kimiminika kinanaswa, na wiki tatu baadaye kazi iliyokuwa sawa imebonyea.

Kisha iache. Wiki tatu ni kidogo, pwani weka mwezi.

Kusawazisha: chukua wembe mpya, zungushia tepu ncha zote mbili, katikati uache kama sentimita moja. Unene wa tepu ndio unaoulinda uso wa zamani; wembe unagusa kilima peke yake. Kwangua ukiuvuta kuelekea kwako mpaka kilima kikaribie usawa. Malizia kwa msasa 1000 uliobandikwa kwenye kipande cha raba ya penseli chenye ukubwa wa kiraka, halafu 1500, halafu 2000, ukilowesha kwa nafta badala ya maji kwa sababu ya zile nyufa. Fungua madirisha, usiwe na moto karibu. Kingoni laka ya kiwandani ni nyembamba mno, misuguo michache ya 1000 inatosha kutoboa mpaka kwenye rangi.

UpepoWaKusi

Niongezee kuhusu pwani. NC ikipata unyevu inakuwa nyeupe kama maziwa. Thina inapoondoka haraka inaupoza uso, hewa iliyo juu yake inapoa, maji yanatua ndani ya laka mbichi. Hata tone la kijiti cha meno linapatwa. Tia ritada asilimia 5 hadi 10 ili ikauke polepole, fanya kazi saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri siku isiyo na mvua, na usilitoe gitaa kwenye chumba cha AC ukaanza papo hapo. Ubao bado ni baridi.

Dukani sema wazi "thina ya NC". Ukisema thina tu unaweza kupewa ya rangi ya mafuta, na hiyo na NC haviendi pamoja. Sanding sila iache. Ina unga laini wa kurahisisha msasa, inabaki laini na ina ukungu, haifai kujazia shimo linalotakiwa kuonekana kama kioo.

Ule ukungu wa mahali pa mkono: ulowanishe kwa nafta uutazame. Ukipotea wakati wa unyevu na kurudi ikikauka, ni mikwaruzo midogo tu. Kompaundi laini ya magari kwa kidole na kitambaa cha pamba, miduara midogo, dakika moja, angalia. Ukibaki mweupe hata chini ya nafta, unyevu umeingia ndani ya laka. Kuna wanaopuliza ritada tupu juu yake ili laka ifunguke na kutoa maji. Kwenye sanbasti ya kale siipendekezi. Rangi iliyomo ndani ya laka nayo inafunguka na inaweza kutembea.

GundiNaMbao

Kwa mabanduko kama hayo supaglu nzito ni haraka zaidi. Inajaza kwa tone moja, haisinyai, kesho yake unakwangua. Kwa nini mwezi mzima?

MsasaWaMaji

Kwenye gitaa la poliyurethani nakubali kabisa. Kwenye nitro kuna matatizo mawili. Supaglu ikikauka ni ngumu kuliko laka ya jirani, kwa hiyo msasa unakula laka na kuacha kiraka kikiwa kimesimama, unabaki na duara linaloonekana kila mwanga unapopita. La pili, fundi atakayekuja baadaye hawezi kuiyeyusha bila kuharibu laka inayoizunguka. Kama shimo limeingia ndani ya mbao yenyewe, zaidi ya milimita moja, supaglu chini na nitro juu ni sawa. Haya ya NyuziSita hayajafika huko.

NyuziSita

Nimeelewa, sivui. Nimepima: juu ni nitro, imenata mara moja. Ile vanishi ya nyuma haikuyeyuka, ilivimba na kukunjamana kama ngozi. Niendelee na thina mpaka itoke?

MsasaWaMaji

Acha hapo hapo. Kukunjamana kunaonyesha ni vanishi ya mafuta. Thina inaiinua bila kuiyeyusha, lakini laka ya kiwandani iliyo chini yake inayeyuka kweli, na utavitoa vyote pamoja. Subiri siku tatu pakauke, kisha tumia wembe ule ule wenye tepu, uushike karibu wima, ukwangue michirizi tu. Tazama kinachotoka: vanishi ya mafuta hutoka kwa nyuzi za manjano, nitro ya kale hutoka unga mkavu. Ukianza kuona unga, umefika, simama. Na kama huna uhakika umefika wapi, iache ilivyo. Hiyo ni nyuma, inakaa mapajani.

Jambo jingine, usizilegeze skrubu za pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ili "usafishe vizuri". Chini yake zinaning'inia sumaku kubwa nzito, na kuziweka sawa tena ni kazi. Funika kwa tepu ya karatasi, na tepu isikae juu ya laka zaidi ya saa chache.

UpepoWaKusi

Kwa wenye gitaa la kupakata la Rickenbacker, lile jeusi la Bakelite (plastiki ngumu ya kale), watakaopita hapa: haya yote si yenu. Ile haina laka. Uso wake ni ngozi ya resini, na ukiupiga msasa unafunua unga wa mbao uliochanganywa ndani, unakuwa na vitundu vidogo na haurudi kung'aa kama mwanzo. Polishi laini na nta tu.

NyuziSita, ukimaliza, usiliegemeze kwenye stendi yenye mpira au plastiki laini, wala usiliwekee mkanda wa vinaili ndani ya sanduku. Kilainishi cha plastiki hiyo kinahamia kwenye nitro na kuilainisha, mpira unaacha alama iliyozama, na kiraka kipya ndicho kinachoathirika kwanza. Vika stendi kitambaa cha pamba, mikunjo miwili.