Mgogoro wa mtaa: tuite waandishi wa habari au tumalizane wenyewe?

Mleta mada: Wakuu, watu wana mgogoro, barua zimeandikwa na majibu hakuna. Kuita vyombo vya habari ni haki yao, au ni kujivua nguo mbele za watu?

Mimi nasema inategemea mnagombana na nani. Kama ni mwenye mamlaka, waitwe tena mapema. Kule Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani, nyumba zilijengwa kando ya kemikali za kiwanda zilizofukiwa ardhini. Gazeti la mji liliivalia njuga habari hiyo, wakazi wakiongozwa na Lois Gibbs wakakaza kamba, na Agosti 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura. Sasa tazama Grenfell, jengo la ghorofa la makazi kule London: Novemba 2016 wakazi waliandika wenyewe kwamba ni janga tu litakaloanika uzembe wa wasimamizi wa jengo. Onyo likapita hivihivi. Juni 2017 moto ukaua watu 72.

Mchangiaji 1: Mkuu, hiyo mifano ni ya wakubwa. Ugomvi mwingi ni wa mpaka, kelele, njia ya kupita. Ukishamwanika jirani kwenye runinga, hata akitaka kulegeza hawezi, ataonekana kashindwa. Halafu mwandishi ana dakika mbili, maiki anapewa mwenye mdomo mpana. Kesho yake yuko kwenye habari nyingine, nyie mnapishana mlangoni kila asubuhi.

Mleta mada: La jirani kwa jirani wakae wazee, hapo sina ubishi. Ila mwenye mdomo mpana ana dawa. Msimpe mwandishi hasira, mpeni nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, picha zenye tarehe, na namba ya simu ya huyo mnayemlalamikia. Ndiyo, ya huyohuyo! Mhariri makini hachapishi upande mmoja, na simu ya "tunaomba maelezo yako kabla hatujachapisha" nimeiona ikifungua mafaili ambayo barua zilishindwa kuyagusa. Wakati mwingine habari yenyewe haitoki kabisa, na tatizo limekwisha.

Mchangiaji 2: Sawa, lakini mwandishi atataka mtu anayekubali kutajwa jina. Mara nyingi anayejitokeza ni mpangaji au mama mjane, wenye nyumba zao wamejificha nyuma yake. Habari ikishapoa na yeye akipewa notisi ya kuhama, nani atamsimamia? Hilo wote wawili mmeliruka.